Kabla hujaivuta D, nenda kaitazame mita

Juzi Jumatatu nimerudi kuswali Adhuhuri, nikamkuta mmoja wenu ameshachomeka fleshi ya GParted, ile programu ya kugawa diski, kwenye laptopu ya mteja. Diski ile imegawiwa patisheni, yaani vipande: C ya Windows na D ya mafaili. Ameishika D kwa mausi anaivuta kulia, mkono wa pili ana kachori. Betri ya laptopu ile ilikuwa pembeni juu ya meza, tumeitoa asubuhi kwa sababu imevimba. Nikamuuliza, "Mita umeitazama?" Akanijibu, "Mita ya nini, fundi?"

Nikavuta kiti nikakaa. Sikugomba. Basi, niligomba kidogo. Lakini nyinyi ni kundi la nne kuja fildi katika duka hili la Mlandege, na kila kundi linakuja na makosa yale yale kama mnarithishana. Nimechoka kusema, kwa hivyo naandika.

1. Mteja akisema "C imejaa", hajakwambia ukuze C. Amekwambia anaona ufito mwekundu. Fungua kwanza uone kilichojaa. Wiki mbili nyuma alikuja dada mmoja na laptopu ya GB 500, C yake GB 120, imebaki MB 300. Alikuwa ameambiwa mahali kwamba lazima ipigwe Windows upya. Kwenye desktopu yake palikuwa na video nne za harusi ya nduguye, GB 38. Yeye anajua desktopu ni juu ya meza tu, hajui kama ni ndani ya C. Nilizihamishia D, nikazima haibaneti (ule usingizi wa Windows unaohifadhi kila kitu kwenye diski) kwa powercfg /h off, lile faili kubwa la hiberfil.sys likaondoka, na dada akaenda zake. Dakika kumi na tano, patisheni haikuguswa.

2. Nakala kwanza, kwenye diski nyengine, na ufungue mafaili matatu manne ya hiyo nakala uone kama yanafunguka.

3. Diski inayogonga tik-tik ndani haigawiwi. Inanakiliwa tu, na taratibu.

4. Windows yenyewe inajua kupunguza na kuongeza patisheni tangu Vista, kwa hivyo msikimbilie fleshi kila mara. Mkiita diskmgmt.msc, kigawa diski cha Windows yenyewe, mambo mawili yatawaudhi. La kwanza, D ina GB 200 tupu lakini inakwambia unaweza kupunguza GB 9 tu. Haijakosea. Kuna faili lisilohamika limekaa mbali kule mwishoni: pagefile.sys (faili la Windows la kusaidia memori), au nakala za kurejesha mfumo. Zima hivyo kwa muda, washa upya, jaribu tena. La pili, kitufe cha kuongeza C kimefifia wakati nafasi tupu unaiona kwa macho. Itazame imekaa wapi. Windows inataka nafasi iwe imegusana na C upande wa kulia, na kompyuta za siku hizi zina patisheni ya rikavari (ya kurudishia Windows) imejibanza hapo katikati, kama mtu aliyekaa mlangoni kwenye shughuli na hataki kusogea. Msiifute kwa hasira. Kuna mmoja wa kundi la pili aliifuta, na mteja akarudi baada ya mwezi anataka kureseti.

5. Kwa wa Linux: ukipunguza, anza na mfumo wa mafaili halafu patisheni, ukikuza, anza na patisheni halafu mfumo wa mafaili. Ukigeuza mpangilio huo wakati wa kupunguza umekata mkia wa data. Ext4, mfumo mmoja wa mafaili wa Linux, utaikuza huku inatumika, lakini kuipunguza lazima uishushe (unmount) kwanza. XFS, mfumo mwengine, mkuze tu, habari ya kuipunguza msahau.

6. Sasa hii ya kuvuta mwanzo. Hapa mnivumilie.

Mnapopunguza au kukuza mwisho wa patisheni, mnarudisha ua nyuma au kuusogeza mbele. Nyumba iko pale pale. Mnaposogeza mwanzo, mnahamisha nyumba nzima na watu ndani, chumba kimoja kimoja. D iko kulia kwa C. Ukitaka kumega D umpe C, lazima D ianze mbele zaidi, na GParted itaichukua kila sekta, yaani kila chembe ya diski, iipeleke mahali papya, iwe ina kitu au haina. Kwenye GParted mambo yote mawili yanafanyika kwa kuvuta mausi tu, ndio maana yanawaponza.

Mimi kazi hii nimejifunza wakati Unguja nzima haina umeme, Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Kila duka lina jenereta mlangoni, na bosi wangu alikuwa hatuachi tugawe diski mpaka atie kijiti kwenye tangi aone mafuta yamefika wapi. Halafu 2013 ukaja waya mpya wa chini ya bahari, umeme ukatulia, na mimi nikawa mjinga.

Ilikuwa 2016, kumi la mwisho la Ramadhani. Akaja Maalim mmoja wa skuli ya sekondari kutoka Wete. Amekuja Darajani kuwanunulia wanawe nguo za Idi, kesho asubuhi anapanda boti kurudi. C imejaa, kweli imejaa safari hii. Diski GB 500, D imekamata GB 360. Nikamwambia, Maalim, kazi ndogo, njoo alfajiri uchukue. Nakala sikuchukua. Nilikuwa na diski ya nje ya duka, lakini ilikuwa na kazi ya mtu mwengine nikaona uvivu kuipangua.

Nikaipunguza D iwe GB 300, nikaivuta kulia, nikabonyeza tiki ya kuanza kazi. Ilikuwa baada ya Alasiri. Ikaniambia saa nne za kazi. Betri ya Maalim ilikuwa imekufa zamani, laptopu inaishi kwa chaja. Saa kumi na mbili kasoro nikatazama, imefika asilimia 40 na kitu, nikafunga mlango nikaenda kufuturu nyumbani kwa mama.

Nyinyi mnajua kama mita yetu ya tukuza, ya umeme wa kulipia kabla, ni moja na fundi cherehani wa pembeni. Siku zile ilikuwa hivyo hivyo. Na fundi cherehani siku tatu kabla ya Idi halali. Ana kanzu arobaini za kupiga pasi.

Narudi saa moja na nusu usiku. Njia nzima inawaka taa, watu wamejaa, watoto na vitu vyao vya Idi. Milango miwili tu iko kiza, wangu na wa fundi cherehani. Yeye amekaa barazani anajipepea kwa kipande cha boksi. Akaniambia, "Uniti zimekwisha, fundi. Nilikuwa nakungoja wewe." Wallahi nilisikia baridi miguuni.

Nikanunua uniti kwa simu, nikaingiza zile tarakimu 20, nikakosea mara mbili. Taa zikawaka. Laptopu ikawaka. Windows ikafunguka, D ikaonekana, mafolda yote kwa majina yake. Nikafungua picha moja, ikafunguka. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti mpaka fundi cherehani akaitikia. Picha ya pili haikufunguka. Ya tatu rangi za kijivu. Ndipo Windows ikanitolea kile kidirisha chake cha upole: diski hii ina hitilafu, unataka kuikagua na kuirekebisha?

Nikasema ndio.

Kukatika umeme ilikuwa bahati mbaya na uzembe. Ile ndio ilikuwa ujinga. Nimekuja kuelewa miezi baadae, nikichora mistari kwenye karatasi. Patisheni ikihamishwa kwenda kulia na pahala papya panaingiliana na pa zamani, GParted inaanza kunakili mkiani inarudi nyuma, ili isijikanyage. Umeme ulipokatika, mkia ulikuwa umeshafika nyumba mpya, kichwa bado kiko nyumba ya zamani. Hakuna kilichopotea! Data yote ya Maalim ilikuwa ndani ya diski ile, imegawika vipande viwili tu. Mtu aliyetulia angeinakili diski nzima kama ilivyo, akatafuta mahali kazi ilipokatika, akaunganisha. Mimi nikamwita chkdsk, mkaguzi wa diski wa Windows. Naye akasoma orodha ya mafaili upande wa kichwa, akaenda kuyatafuta mkiani pa zamani, akakuta uchafu, akafanya kazi yake: kafuta hiki, kafuta kile. Mistari ilipita kwenye skrini haraka kuliko macho. Nilikaa nikaitazama kama mtu anayetazama maziwa yanafurika.

Usiku kucha nikapiga PhotoRec. Inaokota mafaili kwa sura yake, haijui majina wala mafolda. Mpaka wakati wa daku nilikuwa na mafolda ya recup_dir hayahesabiki, ndani yake picha zinaitwa f na tarakimu tupu. Mitihani ya miaka kumi na nne imechanganyika na risiti za maji.

Maalim akaja saa kumi na mbili asubuhi, mifuko ya nguo mkononi. Nikamwambia yote. Hakunigombeza, na bora angenigombeza. Aliuliza neno moja: "Za baba zipo?" Sikujua ni zipi. Ni kaseti mbili za marehemu babake akisoma Barzanji, alizihamishia kwenye kompyuta mwenyewe, na kaseti zenyewe zilishaharibika.

Alipanda boti yake, laptopu akaniachia. Wiki tatu nilisikiliza mp3 za kisomo, hotuba, taarab, matangazo ya mpira, namtafuta mzee nisiyemjua sauti. Ya kwanza nilimpata mzima. Ya pili nusu. Diski nikampelekea kwa boti, pesa sikuchukua.

Miaka miwili baadae alinipigia simu usiku wa Maulidi. Hakusema kitu, aliweka simu karibu na spika. Nikamsikia mzee anasoma, sauti ya kukwaruza, nzuri, anafika pale anapovuta pumzi, na ghafla wanaingia violini na kanuni, na mwanamke anaimba mipasho. Faili limeokotwa na kipande cha jirani. Maalim akarudi kwenye simu anacheka mpaka anakohoa. "Fundi," akasema, "baba taarab alikuwa haitaki kabisa."

7. Kwa hivyo ikikatika katikati, mikono juu. Usiwashe Windows, usikubali kidirisha chochote, usijaribu mara ya pili "uone". Nakili diski nzima kwanza, uiuguze nakala.

8. Mengine madogo. BitLocker, ile kufuli ya Windows ya kufunga diski, isimamishe kwanza na uwe na ufunguo wa kurejesha mkononi. Diski ya MBR (mpango wa zamani wa kugawa diski) ina patisheni kuu nne basi, na Windows ikikwambia itaigeuza kuwa dainamiki ili ikupe ya tano, kataa. Windows izime kabisa kabla ya kuingia na fleshi, maana ule uzimaji wake wa haraka unaiacha NTFS, mfumo wake wa mafaili, nusu usingizini.

Yule wa kachori nimwambie la kumpoza: kwenye GParted kuvuta tu hakujafanya kitu, kazi inakaa foleni mpaka ubonyeze tiki, na yeye alikuwa hajabonyeza. Laptopu ile tuliifungua tukakuta bakapu tatu za simu moja. Ikafagiwa, ikaenda.

Fundi cherehani bado yupo. Akimwona mmoja wetu ametoka nje kuitazama mita, anasimama na pasi yake mkononi, anauliza: "Mnahamisha leo, au nipige?"