Geti la umeme likigoma: maswali na majibu

Umeme ukikatika, geti letu la kuteleza linafika nusu na kusimama. Umeme ukirudi linakwenda vizuri. Tubadilishe mota?

Msibadilishe. Iliyochoka ni betri. Mageti mengi ya volti 12 hutumia betri ya 7Ah (ampea-saa 7, yaani ujazo wake), saizi ile ile ya ving'ora. Zima umeme wa ukutani, subiri kama saa moja, kisha ipime kwa multimita (kipimo cha umeme). Iliyojaa husoma karibu volti 12.7. Usiishie hapo, kwani hata betri mbovu huweza kusoma 12.5 ikiwa imetulia. Acha waya za kipimo kwenye vichwa vya betri, bonyeza rimoti, utazame namba geti likivutwa. Ikiporomoka chini ya 10.5, nunua nyingine. Ukishafunga mpya, iache ichaji usiku kucha, kisha pima tena umeme ukiwepo: unatakiwa kuona kati ya 13.5 na 13.8. Ikibaki 12 na kitu, chaja haichaji, na hiyo mpya nayo itakufa.

Geti linaanza kufunga, halafu linarudi lenyewe.

Anza na macho ya usalama pale nguzoni, yaani vihisi viwili vinavyopitishiana mwale usioonekana ili geti lisimgonge mtu. Futa vioo kwa kitambaa kikavu, ondoa utando wa buibui, hakikisha yanatazamana. Nguzo ikigongwa kidogo tu na gari, mwale unapotea. Pitisha mkono katikati: jicho linalopokea likiwa zima, utasikia relei yake (swichi ndogo ya ndani) ikilia "tik".

Macho yakiwa sawa, achia mota kwa ufunguo wake na usukume geti kwa mkono. Geti zima husogea kwa mkono mmoja, mwanzo hadi mwisho. Likiwa zito, bodi (saketi inayoongoza mota) inadhani limegonga kitu ndiyo maana inalirudisha. Fagia mchanga relini, kagua beringi za magurudumu. Kisha angalia nafasi kati ya gia na reli ya meno: milimita 1 hadi 2, urefu wote. Magurudumu yakilika geti hushuka, na uzito wake wote unakaa juu ya gia ya mota.

Fundi akikuambia aongeze nguvu ya mota, au aunganishe waya ili macho yasifanye kazi, mkatalie. Geti la kilo 300 lisiloona halitasimama mbele ya mtoto.

Mota inanguruma tu, haizunguki.

Ikiwa ni ya volti 230, shuku kapasita, kifaa kinachoipa mota msukumo wa kuanza. Nunua yenye maikrofaradi (µF, kipimo cha ukubwa wake) zile zile zilizoandikwa ubavuni, volti zisiwe pungufu. Hata umeme ukizimwa hubaki na chaji ya kukurusha, kwa hiyo usishike miguu yake kwa vidole.

Rimoti haishiki mpaka nilifikie geti.

Rimoti moja tu? Badilisha betri yake. Zote? Tazama waya wa antena kwenye bodi. Kwa rimoti za masafa ya 433 MHz huwa na sentimita 17 hivi, na unyooke. Mafundi wengi huukunja ndani ya boksi au huukata.

Bodi imeungua mara mbili, na kila mara tunakuta mijusi ndani.

Huingia kupitia bomba la nyaya. Zima umeme, chomoa na betri, ziba mdomo wa bomba kwa silikoni, na matundu yasiyotumika pia. Kitundu cha kutolea maji chini ya boksi kiache wazi, ila kiwekee kipande cha wavu wa mbu.