Mbegu za agnos na maumivu ya kabla ya hedhi

SWALI: Mhariri, salaam. Nimesoma kwamba wanawake wa Ugiriki ya kale walitumia mti uitwao agnos kuweka sawa homoni. Mimi siku chache kabla ya hedhi matiti hujaa na kuuma, na hasira hunipanda ovyo. Nimeambiwa mfudu wetu ni ndugu yake. Je, nichemshe majani? — Msomaji, Tanga

JIBU: Usichemshe, dada. Undugu upo, kwani yote ni miti ya jenasi (ukoo mmoja wa mimea) ya Vitex, lakini uliopimwa kwa tatizo lako ni Vitex agnus-castus, yaani huo agnos, tena tunda lake, si jani. Tunda hilo ni dogo kama pilipili manga na lina ukali wake.

Wagiriki hawakuwa na habari ya homoni. Neno lenyewe lilianza kutumika mwaka 1905. Katika sikukuu ya Thesmophoria, wake wa Athens walitandika matawi ya agnos wakayalalia, yawatulize matamanio. Dioscorides, tabibu wa karne ya 1, aliagiza drakma moja ya tunda, yaani gramu 3 hadi 4 hivi, inywewe kwa divai ili kuleta hedhi na maziwa.

Hapo kwenye maziwa ndipo pa kuangalia sana. Tunda lina kemikali zinazofanya kazi kama dopamini, kemikali ya ubongo, kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, na prolaktini, homoni ya maziwa, hupungua. Ndiyo maana matiti hupoa. Lakini wanaume wenye afya walipojaribiwa, dozi ndogo iliipandisha prolaktini na kubwa ikaishusha. Kukadiria kwa kijiko, basi, ni kubahatisha.

Katika jaribio la Ujerumani la mwaka 2001, wanawake 170 walimeza kidonge kimoja kila siku kwa mizunguko 3 ya hedhi, wengine cha miligramu 20 za dondoo kavu ya tunda hilo, wengine kisicho na dawa. Zaidi ya nusu ya waliopewa dondoo walipata nafuu kubwa, dhidi ya takriban robo ya wenzao. Kwa hiyo ukiacha baada ya wiki mbili, hujaijaribu. Chai nayo haisaidii sana, maana kemikali hizo haziyeyuki vizuri majini.

Usiitumie ukiwa mjamzito au unanyonyesha, wala pamoja na metoclopramide au haloperidol, dawa zinazozuia dopamini. Kama unatumia uzazi wa mpango wa homoni, muulize kwanza mfamasia. Na kama chuchu zinatoa maziwa ilhali hunyonyeshi, au hedhi imekatika miezi 3, tangulia kupima ujauzito na prolaktini kwenye damu.