Kamba ni wa mwisho kuingia

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Ujumbe wako nimeupata. Unasema ukitoka kazini hufiki chumbani ila magharibi, una nusu saa tu ya kupika, na kamba unaonunua soko la Darajani ukiwatia kwenye mchuzi wa tungule (nyanya) wanakuwa kama raba. Unauliza kama ni kamba wabovu au ni jiko.

Si kamba wala si jiko, unawatia mapema. Tungule ndiyo inayotaka robo saa. Kamba wa ukubwa wa kidole dakika tatu zinamtosha. Ukikaanga kitunguu, ukatupia kamba, ukamimina tungule ndipo usubiri ziive, mwenzio kaishakauka zamani.

Basi geuza. Kaanga kitunguu maji, kikilainika tia kitunguu thomu na tangawizi, thomu isiungue ikatia uchungu. Chukua tungule nne zilizoiva barabara, uziparaze. Ganda litabaki mkononi. Mimina, tia chumvi na bizari kidogo, usifunike. Hapo usikimbilie. Mwanzo itatokota majimaji yenye harufu ya ubichi. Ngoja mpaka ukipitisha mwiko chini ya sufuria njia yake ibaki, na mafuta yajitenge pembeni. Tungule ya kopo mie siipendi, ila kijiko kimoja kinasaidia zikiwa hizi mbichi hazina rangi.

Sasa tia kamba. Mbichi yuko kijivu, nyama unaiona mpaka ndani. Akishika wekundu, nyama ikawa nyeupe na mwili umepinda nusu duara, zima moto. Akijiviringisha mpaka mkia ukagusa upande wa pili, umempitisha. Na sufuria nayo ina moto wake, itaendelea kumpika ukiwa unatafuta sahani.

Ndimu kamulia mwisho kabisa. Najua mnapenda kuwaroweka ndimu kutoa shombo, lakini ukali wake unaanza kuikaza nyama kabla ya moto. Waoshe nayo haraka, uwasuuze.

Ukitaka tui, tia tui zito tungule ikishakauka, koroga lisikatike, likianza kufukuta ndipo kamba. Siku ya kazi mie sihangaiki na nazi: pilipili mbuzi nzima juu, na boflo la kuchovya.

Kilichobaki ni kununua. Jioni usinunue. Kamba aliyeshinda kwenye joto kichwa kinalegea, anaanza madoa meusi, na harufu yake inapanda puani. Nenda Jumapili asubuhi, uwamenye siku hiyohiyo. Ule uzi mweusi mgongoni ni utumbo. Chomeka kijiti, uvute polepole, unatoka mzima. Vichwa na maganda usitupe. Vikaange kidogo, tia maji ya kufunika tu, chemsha dakika kumi, chuja. Kikombe cha supu hiyo kwenye tungule kinashinda vile vidonge vya dukani unavyovipenda.

Kamba wagawe kwenye vifuko vya mlo mmoja mmoja, ugandishe, na supu vilevile. Asubuhi kabla hujatoka shusha kifuko kimoja sehemu ya chini ya friji, isiyogandisha. Ukisahau, kitumbukize kimefungwa kwenye maji baridi huku tungule inakauka, wataachana wenyewe. Maji ya moto hapana, utakuwa umewapika nje na ndani wana barafu.

Wasalaam,
Mama yako, Wete