Stori kwa Kiingereza: tatizo ni ile -ka- yetu

Umesema ukisimulia stori unaanza vizuri na "went" halafu katikati unajikuta "he go, he see". Mi naona shida ni -ka-, sisi tunasema nilienda nikamkuta nikamwambia, -li- moja tu mwanzoni zingine zinajifuata zenyewe, sasa Kiingereza hakina hiyo kitu, kila kitendo kinabeba wakati wake: I went, I found him, I told him. Ukikutana na "it was raining" kwenye stori, hiyo ni mvua ilikuwa inanyesha, inaonyesha tu hali ilivyokuwa wakati mambo yanatokea. "Had left" ni alikuwa ameshaondoka, na hiyo usiimwage kila sentensi, wengi tunaharibu hapo (hata mimi bado). Jirekodi kwa simu ukisimulia siku yako ya jana, dakika 2 tu, utajisikia mwenyewe unapoteleza.