Vinundu vya maharage kugeuka kijani

Ndugu yangu, usiwe na wasiwasi. Unasema ulipopasua vinundu vya mizizi ya maharage yako, yale mavimbe madogo wanamoishi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani kwa ajili ya mmea, wakati wa maua vilikuwa vyekundu ndani, na sasa maganda yanajaa umekuta vya kijani na vingine vimelegea. Huo si ugonjwa, ni uzee.

Wekundu ule ni himoglobini ya mmea, jamaa wa ile ya damu yetu. Kazi yake ni kubana oksijeni, maana kimeng'enya cha bakteria, yaani protini inayofanya kazi ya kunasa naitrojeni, huharibiwa na oksijeni. Mbegu zikianza kujaa, zinanyonya sukari nyingi na mizizi inabaki na njaa. Himoglobini inavunjika, rangi inakuwa kijani kisha kahawia, na unasaji unakoma. Kwenye maharage uzee huanzia katikati ya kinundu kuelekea nje.

Bakteria wenyewe hawafi wote. Wa maharage na kunde wanaweza kurudia maisha yao ya udongoni kinundu kikioza. Wa njegere ni tofauti: waliokwisha kuvimba na kuanza kunasa hawazaliani tena, wanaosalia ni wale ambao hawajageuka.

Kwa kuwa huu ni uzee wa kawaida, mbolea ya kukuzia ukiiweka sasa ni kupoteza hela. Ukivuna, kata mashina, mizizi iache ardhini. Ila vikiwa kijani kabla ya maua, hapo angalia ukame au maji yaliyotuama. Vikiwa vyeupe ndani wakati wa maua, basi huenda una bakteria wavivu, wasionasa naitrojeni. Msimu ujao pakaza mbegu rizobia (bakteria hao wa vinundu) za maharage, si za soya.