Jibu: Kwa nini napotea nikirudi kutoka shambani?

Dada, umesema njia ya shamba la mikorosho kule Newala kwenda unaiweza, kurudi unapotea. Ni kwa sababu ulipokuwa unakwenda, macho yako yaliona upande mmoja tu wa kila kitu. Ukifika njia panda simama, geuka nyuma, uitazame vile utakavyoikuta wakati wa kurudi. Shika alama isiyohama: mwembe mkubwa, kichuguu, paa la bati. Mikorosho usiitegemee, imefanana mno. Na simu iweke mfukoni, tafadhali!

Jua nalo usiliache, likuonyeshe uelekeo. Mwaka 2009 mtafiti Jan Souman na wenzake walionyesha kwamba watu msituni, jua likifichwa na mawingu, huzunguka duara huku wakiamini wamenyoosha. Kukiwa na mawingu mazito, nenda na mwenyeji.