Ndugu yako akikamatwa, usikubali kuambiwa unyamaze

Juzi msomaji mmoja ameniandikia. Mdogo wake, mtetezi wa haki za binadamu, amechukuliwa na watu waliokuja na gari lisilo na namba. Wazee wa ukoo wameshakaa kikao na kuamua familia ikae kimya, maana wanasema kelele za nje zitamwongezea adhabu. Anauliza kama ni kweli.

Si kweli, dada yangu. Na kwa kuwa najua wengi mnaonisoma hapa mna moto uleule wa kuwasemea waliofungwa, jibu lake nawapa nyote.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura. Mei 2014 walipomkamata mzee Pierre Claver Mbonimpa, mtu tuliyemkimbilia kila ndugu alipopotelea mikononi mwa polisi, watu wa mjini walianza kuvaa kijani kila Ijumaa, kwa sababu sare ya wafungwa kwetu ni ya kijani. Mama akanifichia kitenge changu. Nikanunua kingine, nikakatiza nacho soko la Ruvumera mchana kweupe, na wauza mchele wakanitazama wakatabasamu bila kusema neno. Hadi leo najivunia kitenge kile. Nguo peke yake haimtoi mtu gerezani, lakini ilimfanya kila mwandishi wa kigeni na kila balozi aliyepita barabarani siku ya Ijumaa aulize kuna nini. Septemba mzee akaachiwa, kwa sababu za kiafya, walivyosema.

Najua mtakachonijibu. Agosti 2015 alipigwa risasi. Alinusurika, akapelekwa Ubelgiji kutibiwa, na kabla mwaka haujaisha mkwewe na mwanawe wakauawa. Wazee wa kimya huitoa habari hiyo kama ushahidi wao. Mimi nawauliza: vijana wa mitaani kwetu waliouawa mwaka ule, ni wangapi waliokuwa na jina lolote huko nje? Walikuwa kimya, na kimya hakikuwakinga.

Nilipokuwa nimeshakimbilia Nairobi ndipo ikaja kesi ya Germain Rukuki. Alikamatwa nyumbani kwake Julai 2017, na Aprili 2018 akahukumiwa miaka 32. Miaka 32 kwa kazi ya kutetea watu! Kikundi chetu kidogo cha Warundi kilikuwa kinakutana chumbani kwangu, tunaandika barua kwa Kifaransa: kwa wabunge wa Ulaya, kwa mabalozi, kwa waziri wa sheria wa kwetu. Miaka ya katikati siwasimulii. Ilikuwa barua, na majibu ya "tumepokea".

Ninachotaka mkione ni tarehe. Umoja wa Ulaya ulikuwa umesimamisha misaada ya moja kwa moja kwa serikali ya Burundi tangu Machi 2016. Juni 2020 akaapishwa rais mpya, Évariste Ndayishimiye, na serikali yake ikataka fedha zirudi. Mwezi uleule Mahakama ya Juu ikafuta hukumu ya rufaa dhidi ya Rukuki. Desemba 2020 waandishi wanne wa gazeti la Iwacu la Burundi wakapewa msamaha, Aprili 2021 akafuata mtetezi Nestor Nibitanga, na Juni 2021 ile miaka 32 ya Rukuki ikageuka mwaka mmoja, ambao alikuwa ameshautumikia mara tatu na zaidi. Akatoka. Februari 2022 Ulaya ikafungua tena mfuko. Anayetaka kuiita sadfa na aiite.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: tafuta serikali inataka nini, na kwa nani. Huyo anayeombwa ndiye wa kumwandikia. Mtajie jina la ndugu yako, gereza alipo na tarehe ya kesi. Kesho mwandikie tena, jina lilelile.

Na msitafute sifa. Nalisema hili kwa uchungu. Shirika moja kubwa la nje lilichukua orodha ya matukio tuliyoikusanya kwa simu za usiku, likaichapa kwenye ripoti ya karatasi ya kung'aa, na kikundi chetu hakikutajwa hata kwa herufi ndogo za chini. Nilipouliza, nikaambiwa ni kwa usalama wetu. Usalama! Bado linaniuma. Lakini jina la mfungwa lilikuwa limeandikwa sawasawa, nikanyamaza. Vijana, mnaopiga picha kwenye milango ya balozi kisha mnapotea, hapo mnaniudhi.

Jambo jingine, msiache kusukuma siku mtu anapotoka. Mwaka mmoja tu baada ya fedha kufunguliwa, Februari 2023, watetezi watano wakakamatwa kwetu, wengi wao wakiwa uwanja wa ndege wa Bujumbura, safarini kwenda Uganda. Wengi tuliokuwa tukiandika tulikuwa tumeshaweka kalamu chini. Tukaanza upya.

Mwisho, mahakama. Mei 2025 wanaharakati Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda walikamatwa Dar es Salaam, walikokwenda kufuatilia kesi ya Tundu Lissu, kiongozi wa upinzani Tanzania. Walitupwa mipakani, kila mmoja upande wa kwao, na wote wawili wakaeleza hadharani walivyoteswa. Julai walikuwa wameshafungua kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Haraka hiyo ina sababu: mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unampa mlalamikaji miezi miwili tu tangu tukio, au tangu alipolijua. Huhitaji kwanza kumaliza mahakama za nchini mwako, lakini miezi miwili ikipita, mlango umefungwa. Kuna familia niliyoisaidia kuandika maelezo kurasa kwa kurasa, na mashahidi wapo. Wakili aliuliza tarehe, akahesabu kwa vidole, akaturudishia karatasi zetu.